Mwangaza wa shule

Mwangaza wa shule ni mpangilio wa nuru ya jua na taa kulingana na kazi ya kila chumba. Hupimwa kwa luksi, yaani lumeni 1 kwa kila mita ya mraba. Kiwango cha Ulaya EN 12464-1 hudai angalau luksi 100 kwenye korido na 500 katika maabara na sehemu za kusomea maktabani. Chumba cha kompyuta huhitaji taa zisizoakisiwa kwenye skrini. Katika karakana, taa isipepese, kwani mashine inayozunguka huweza kuonekana imesimama. Karibu na ikweta, madirisha huelekezwa kaskazini na kusini ili kukwepa jua kali la asubuhi na jioni.