Mkongo Mmoja ni Modemu Ngapi?

Chukua riwaya yako, ndugu msomaji, ile iliyolala kwenye daftari ikingoja mchapishaji. Tuseme ukiipiga taipu kwenye kompyuta inafika herufi laki tano. Herufi moja ni baiti moja, baiti moja ni biti nane, kwa hiyo unayo mikononi biti milioni nne. Sasa ipeleke kwa waya wa simu tuone.

Mwaka 1962 kampuni ya AT&T ya Marekani ilitoa modemu iliyoitwa Bell 103, yenye mwendo wa biti 300 kwa sekunde. Riwaya yako ingesafiri kwa muda wa saa tatu na dakika 42, na hapo nimeziacha zile biti za ziada zinazofungua na kufunga kila herufi. Mwaka 1998 ikaja modemu ya V.90, ile ya mlio wa kukwaruza ambao sisi vijana wa leo tumeusikia kwenye sinema tu. Hiyo ilipokea hadi kilobiti 56 kwa sekunde, lakini ilipeleka 33.6 tu. Maana yake mwandishi anayepeleka anakaa karibu dakika mbili, na anayepokea kwa kasi kamili anamaliza kwa sekunde 71. Hata waya unajua nani mkubwa kati ya mwandishi na mhariri!

Lakini kwa nini 56? Kwa nini isiwe 50 au 60? Hapo ndipo hadithi inaponoga.

Mwaka 1937 mhandisi Mwingereza, Alec Reeves, alikuwa akifanya kazi Paris. Tatizo la simu za masafa marefu siku hizo lilikuwa makelele. Sauti ikichoka njiani inakuzwa, na mikwaruzo nayo inakuzwa papo hapo, mpaka mwisho wa waya unasikia mvua tupu. Reeves akawaza hivi: tusiipeleke sauti yenyewe. Tuipime mara nyingi kila sekunde, kila kipimo tukiandike kwa tarakimu, tupeleke tarakimu. Tarakimu hata ikichafuka njiani unaweza kuitambua na kuiandika upya, safi kama mwanzo.

Wazo lilikuwa zuri ila vifaa vya kulitekeleza kwa bei nafuu havikuwapo. Lilingoja robo karne, hadi 1962, mwaka uleule wa Bell 103, lilipoingia kazini katika simu za Marekani. Sauti ya simu huachiwa mitetemo isiyozidi 4,000 kwa sekunde, na kanuni inataka upime mara mbili ya hapo: mara 8,000. Kila kipimo kikaja kupewa biti nane. Nane mara 8,000 ni 64,000, na hiyo ndiyo sauti moja ya binadamu ndani ya mitambo ya simu. Biti ya nane haikuwa ya kutegemewa, kwa kuwa katika mitandao ya Marekani iliibwa mara kwa mara ili ibebe ishara za simu. Modemu ya V.90 ikajinusuru na biti saba. Saba mara 8,000? Elfu 56. Basi.

Reeves baadaye akawa kiongozi wa utafiti wa mawasiliano kwa mwanga katika maabara ya Standard Telecommunication Laboratories, huko Harlow, Uingereza. Ni hapo hapo Charles Kao na George Hockham walipotoa makala yao ya 1966, wakisema uzi wa kioo unaweza kubeba simu iwapo baada ya kilomita moja itabaki angalau sehemu moja ya mwanga katika mia. Kioo cha wakati ule hakikufika hata karibu. Mwaka 1970 wanasayansi wa kampuni ya Corning wakakipata. Desemba 1988 mkongo wa TAT-8 ukavuka bahari ya Atlantiki ukiwa na megabiti 280 kwa sekunde katika kila jozi ya nyuzi. Gawa kwa 56,000: modemu 5,000 kamili.

Wamarekani walipoweka vipimo vya mitandao ya mwanga, walianza na kimoja kiitwacho OC-1. Ni fremu ya baiti 810, inayorushwa, hebu kisia, mara 8,000 kwa sekunde. Elfu nane ileile ya koo la binadamu! Jumla megabiti 51.84, yaani modemu 925 na ushei. OC-3 ni modemu 2,777. OC-48 ni 44,434. OC-192 ni 177,737. Riwaya yako katika OC-1 inamalizika chini ya moja ya kumi ya sekunde, hujapepesa jicho.

Sasa tuje kwetu. Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulianza kazi, ukiwa umefika Mombasa na Dar es Salaam. Kabla ya hapo mawasiliano yetu ya intaneti na ng'ambo yalitegemea setilaiti. Mwaka huohuo Kao akatunukiwa Nobel ya fizikia. Reeves alikuwa amekufa tangu 1971. Uwezo uliotangazwa wa mkongo huo ulikuwa terabiti 1.28 kwa sekunde. Tukigawa, ni modemu 22,857,142. Nilipoipata hesabu hiyo nilipiga mluzi.

Kisha nikaendelea kugawa. Sensa ya Kenya ya 2009 ilihesabu watu milioni 38.6. Tuseme mkongo wote wapewe Wakenya peke yao, Watanzania na Msumbiji na Afrika Kusini wasiguse, na watu wote wafungue kompyuta kwa pamoja. Najua haitokei hivyo, wengine wamelala, wengine wako shambani, na mikongo mingine ilifuata. Lakini fanya hesabu. Kila mtu anapata kilobiti 33 kwa sekunde. Si modemu moja nzima. Ni ule upande wa kupelekea wa V.90, na riwaya yako iko njiani dakika mbili.