Mbwa mgonjwa wa Embu, na mambo niliyoyafanya kinyumenyume

Nikisema nimewahi kufuga mbwa, tena wa kuokota, tena mgonjwa, najua kuna wazee wangu wa Mji wa Kale watakaoguna. Wagune, lakini wasome. Wasomaji wawili watatu wenye mashamba Kilifi na Kwale wameniuliza kama inafaa kumchukua mbwa aliyetupwa akawa mlinzi. Inafaa, ila kuna utaratibu wake, na mimi niliufuata kinyumenyume.

Wengi wetu pwani tunaijua Embu kwa muguka, hasa tangu Mei 2024 magavana wa Mombasa na Kilifi walipoupiga marufuku na watu wa Embu wakaja juu. Mimi niliijua kwa kazi. Nilikaa huko miaka mitatu katika nyumba ya kupanga yenye kiwanja nyuma, na kuku ambao nguchiro walikuwa wakiwamaliza mmoja mmoja. Asubuhi moja ya Julai, baridi na ukungu wa mlimani, nilimkuta mbwa dume amejikunja kando ya jiko la nje. Mgongo hauna manyoya, masikio yamejaa kupe, sehemu za siri zinavuja damu. Nikampa maji. Kisa cha yule aliyemnywesha mbwa mwenye kiu akasamehewa, sote tumesomeshwa chuoni. Kisha nikataka kumfunga kamba shingoni kwa mikono mitupu, akaniuma kidole.

Hapa ndipo pa kusoma kwa makini. Kichaa cha mbwa, dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Duniani inakadiriwa watu 59,000 hufa kila mwaka, na takriban wote huambukizwa na mbwa. Jirani yangu alikimbia kuniletea pilipili ya kupaka kwenye jeraha, mwengine akataja mafuta ya taa. Vyote hivyo ni vya kukataa kwa adabu. Kinachotakiwa ni maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kwa saa, si kwa kukisia, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Hospitali niliyokwenda chanjo ilikuwa imekwisha, nikatumwa kununua dukani kwa pesa zangu. Nilidungwa siku hiyo, halafu siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28.

Mbwa aliyeuma hauawi ovyo. Hufungwa mahali salama na kuangaliwa siku 10. Akibaki mzima, ina maana hakuwa na virusi mateni siku alipouma. Lakini usingoje hizo siku 10 ndipo uanze sindano zako. Wangu alibaki mzima, akachanjwa. Hata hivyo daktari wa mifugo alinionya kuwa chanjo haimponyi mbwa ambaye ugonjwa umeshamwingia, na ugonjwa unaweza kujificha miezi. Kwa hivyo watoto wangu hawakuruhusiwa kumkaribia kwa muda mrefu, na mke wangu alihakikisha hilo kwa ufagio.

Utauliza, kwa nini nisimpeleke kwenye makao ya wanyama? Nairobi lipo shirika la KSPCA, ambalo mizizi yake ni ya mwaka 1910, na hupokea mbwa waliotupwa na kuwatafutia wenyewe. Pale nilipoishi sikuona makao kama hayo. Na hili si suala la hisani tu. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeyakabidhi magatuzi leseni za mbwa pamoja na mahali pa kuwaweka, kuwatunza na kuwazika wanyama. Tena tangu 2014 Kenya ina mpango wa kumaliza vifo vya kichaa cha mbwa kufikia 2030, kwa kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Ukimwona diwani wako, muulize hayo makao yako wapi. Lamu punda wana hospitali yao tangu 1987, na waliowajengea ni wageni.

Turudi kwa mgonjwa. Jina alipewa na watoto wa jirani, Simba, kama nusu ya mbwa wa nchi hii, ingawa huyu alikuwa mbavu tupu. Mnyama aliyekaa na njaa muda mrefu usimjaze. Nilimpa uji na mapafu ya ng'ombe ya kuchemsha, kidogo kidogo, mara nne kwa siku. Kupe tuliwatoa kwa kibanio. Kupe hao huacha homa katika damu, na ukiona ufizi umekuwa mweupe ni dalili ya damu kupungua. Simba alimeza vidonge vya doksisaiklini wiki nne.

Upele ndio watu wengi huukosea. Bara na pwani nimeona mbwa akimwagiwa oili chafu ya gari. Oili hiyo ni sumu. Hupita kwenye ngozi, na mbwa huilamba. Wengine hununua dawa ya sindano ya ng'ombe, aivamektini, wakapima kwa macho. Dawa ni hiyo hiyo hutumika, lakini ya ng'ombe ni kali, na tone la ziada kwa mbwa mdogo laweza kumuua. Apimwe uzani kwanza. Upele huo humpanda mtu pia, akawashwa siku kadhaa, kwa hivyo vaa glavu.

Ile damu sehemu za siri nilidhani ni jeraha. Kumbe ni saratani ya ajabu, inayoambukizwa mbwa kwa mbwa wakipandana, kwa seli zenyewe kuhama. Binadamu haimpati. Habari njema ni kwamba hutibika. Dawa yake, vinkristini, hutokana na ua dogo la waridi lenye asili ya Madagascar, ambalo kina mama wetu hulipanda mbele ya nyumba bila kujua. Hudungwa mara moja kwa wiki, wiki nne hadi sita.

Daktari aliyekuwa nayo alikuwa Meru mjini. Makanga wa matatu alimtazama Simba akafunga mlango. Ikabidi nikodi Probox. Tulipita Runyenjes, Chuka na Nkubu, mabonde na madaraja, mbwa akitapika kwenye gunia, dereva akinikumbusha kila kona kuwa kuosha gari si bei moja na nauli. Safari hiyo tuliifanya mara tano. Baada ya sindano ya tatu damu ilikatika. Mkojo wa mbwa anayetumia dawa hii usiuguse kwa mikono mitupu.

Na twahara? Sisi Shafii tunaosha mara saba, moja kwa udongo, alipogusa mbwa kwa mate au unyevu. Mkavu kwa mkavu hainajisi. Nilitenga ndoo, sahani na kanzu kuukuu ya kazi, na Simba hakuvuka kizingiti. Mbwa wa kulinda mifugo na shamba ameruhusiwa. Wa kupamba sebule muulize sheikh wako.

Nilipohamishwa kurudi Mombasa nilimwacha kwa mzee mwenye shamba Runyenjes, pamoja na kadi ya chanjo. Kila mwaka inapokaribia Septemba 28, siku ya kichaa cha mbwa duniani, namtumia pesa ya sindano. Mwaka huu alinirudishia ujumbe kuwa Simba jicho moja limeingia ukungu, ila nguchiro bado hawathubutu.