Herufi Q Ilipoachana na U

Mchezaji wa Scrabble aliyeshika Q bila U ana pointi 10 mkononi na hana pa kuziweka. Mchezo ukiisha hajaitoa, pointi hizo zinakatwa kwenye jumla yake. Katika vipande 100 vya herufi vya mchezo huo kwa Kiingereza, Q ni kimoja tu na U ni vinne. Aliyepanga hivyo ni Alfred Butts, msanifu majengo wa jimbo la New York aliyepoteza kazi wakati uchumi wa Marekani ulipoanguka miaka ya 1930. Alihesabu herufi kwenye kurasa za magazeti ili ajue ipi inatumika sana na ipi haionekani, na hesabu hiyo ndiyo iliyoamua idadi ya vipande.

Wachezaji wazoefu hukariri maneno mafupi yatakayowaokoa: qi, qat, suq, qadi, waqf, qibla, talaq, faqir, niqab. Orodha ya Collins, inayotumika katika mashindano mengi nje ya Marekani ya Kaskazini, inayakubali yote. Kwa Mwingereza haya ni maneno ya ajabu, ya kumeza kama yalivyo. Lakini isome orodha hiyo, kuanzia suq, ukiwa Lamu, Mombasa au Unguja: soko, kadhi, wakfu, kibla, talaka, fakiri, nikabu. Ni maneno ya nyumbani, yamevaa herufi ambayo alfabeti yetu haina.

Kwa nini Q ya Kiingereza haiendi popote bila U? Tuanze kwa Wafoinike, wafanyabiashara wa pwani ya Lebanoni ya leo. Alfabeti yao ilikuwa na k mbili: moja ya kawaida, na nyingine inayotamkwa nyuma kabisa, karibu na koo. Hii ya pili ndiyo mzazi wa Q, na ndiyo pia mzazi wa qaf ya Kiarabu. Wagiriki walipoichukua alfabeti hiyo hawakuwa na sauti ya kooni, basi polepole wakaiacha, ikabaki kwao kama alama ya namba 90. Warumi waliipata kupitia kwa majirani zao Waetruski na wakaiwekea kazi moja, kukaa mbele ya U.

Waingereza wa kale hawakuihitaji. Neno lao la malkia, ambalo leo ni queen, waliliandika cwen. Mwaka 1066 Wanormani waliivamia nchi na kuitwaa, na katika vizazi vilivyofuata waandishi waliolelewa katika Kifaransa na Kilatini wakabadilisha cw ikawa qu. Matamshi hayakuguswa, maandishi tu. Tangu hapo Q na U zikafungamana, na watoto wa Kiingereza wakafundishwa kwamba hazitengani.

Zilizozitenganisha ni safari na biashara. Waingereza waliokwenda nchi za Waislamu walirudi na maneno, wakayaandika kama masikio yao yalivyosikia. Kadhi aliandikwa cadi, mara nyingine kadi. Baadaye wanazuoni wa lugha za Mashariki walitaka kila herufi ya Kiarabu iwe na mwenzake wa Kilatini asiyechanganywa na mwingine. Walikuwa na sababu nzito: katika Kiarabu, ukiweka kaf, yaani k ya kawaida, mahali pa qaf, neno la moyo linageuka kuwa mbwa. Kaf ikapewa k, qaf ikapewa q peke yake. Hapo Q ilirudishiwa kazi aliyoifanya mzazi wake kwa Wafoinike, na hili ndilo jambo linalonivutia kuliko yote katika historia hii. Kamusi nazo hazikutupa maandishi ya zamani, ndiyo maana mchezaji leo anaweza kuweka cadi, kadi au qadi, na yote matatu yanakubalika.

Sisi tulikwenda kinyume. Kwa karne nyingi Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kiarabu, na qaf ilikuwemo katika barua na tenzi. Karne ya 19 wamisionari wakaeneza herufi za Kilatini. Kamusi ya mmoja wao, Krapf, ilichapishwa London mwaka 1882. Kiswahili sanifu kilichosimamiwa na kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 hakina q wala x. Tunaandika tunavyotamka, na kwangu huo ulikuwa uamuzi mzuri kwa mtoto anayejifunza kusoma. Hata hivyo, ulificha ukoo wa maneno mengi, na si maneno ya makumbusho. Kadhi alilindwa katika mkataba wa mwaka 1963 kuhusu Mwambao, yaani ukanda wa pwani ya Kenya, na mahakama yake imo katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010.

Neno qat lina safari yake. Mtaalamu wa mimea Peter Forsskål alikwenda Yemen na msafara uliotumwa na mfalme wa Denmark, akaueleza mti ambao Wayemeni wanatafuna majani yake, akafa hukohuko mwaka 1763. Mwenzake Carsten Niebuhr, aliyerudi hai, alichapisha maandishi ya Forsskål mwaka 1775. Jina la kitaalamu la mti, Catha, limetokana na qat ya Kiarabu. Ni mti uleule wa Meru, miraa kwa Wakenya na mirungi kwa Watanzania. Kwa miaka mingi mizigo yake ilipakiwa kwenye ndege kwenda London ikiwa bado mibichi, mpaka Juni 2014 Uingereza ilipoupiga marufuku. Mezani pa Scrabble qat, kat na khat zote bado ni halali.

Qi, fupi kuliko yote, haina uhusiano na Waarabu. Ni neno la Kichina la pumzi au nguvu ya uhai, ambalo Wazungu waliliandika kwa ch hadi China ilipotengeneza utaratibu wake wa herufi za Kilatini, pinyin, ulioidhinishwa mwaka 1958. Zhou Youguang, mmoja wa waliouongoza, alifariki mwaka 2017 akiwa na umri wa miaka 111. Kwa kuwa pinyin haikufungwa na desturi za Kiingereza, iliipa Q sauti iliyo karibu na ch yetu. Wachezaji wa mashindano wa Marekani ya Kaskazini waliruhusiwa kutumia qi mwaka 2006. Katika orodha hiyohiyo ya maneno mapya lilikuwemo ki, ambalo ni neno lilelile kwa matamshi ya Kijapani. Ki ina pointi 6, qi ina 11.