Augustino na sifa ya watu

Wengi wetu tulimjua Mtakatifu Augustino seminarini kama mwalimu wa neema na wa Utatu Mtakatifu. Tulishika mafundisho yake kwa ajili ya mtihani, na kiisha tukaweka daftari sandukuni. Lakini katika kitabu chake cha Maungamo liko shauri linalotuhusu sana sisi mapadri na makatekista, watu tunaosimama mbele ya wengine kila siku: namna gani mtu anayependa kusifiwa anaweza kusema kweli juu ya dhambi zake? Tukumbuke tena kwamba alikuwa Mwafrika, aliyezaliwa mwaka 354 kule Thagaste, katika nchi inayoitwa leo Algeria.

Kila mtu anajua habari ya matunda aliyoiba usiku pamoja na vijana wenzake, alipokuwa na miaka 16. Hawakuwa na njaa. Matunda karibu yote waliwatupia nguruwe. Yeye mwenyewe anaeleza kwamba angalikuwa peke yake asingaliiba. Lakini karibu na habari hiyo anaandika neno jingine ambalo wasomaji hulipita upesi. Anasema kwamba vijana wale walikuwa wakijisifu kwa uovu wao, naye aliona haya kuonekana mwema kuliko wenzake. Basi akajisingizia hata mabaya ambayo hakuyatenda, ili asidharauliwe. Tuone vema jambo hili. Mtu anaweza kusema uongo juu ya dhambi zake kwa njia mbili: kwa kuzificha, na kwa kuziongeza. Katika njia zote mbili anatafuta kitu kimoja, yaani kupendeza wale wanaomsikiliza.

Mwaka 384 alipata kazi ya kufundisha ufasaha wa maneno mjini Milano. Siku moja ilimpasa kumsifu kaisari kwa hotuba. Anakiri wazi kwamba hotuba ile ilijaa uongo, na kwamba watu waliojua kuwa ni uongo wangempigia makofi. Njiani akamwona maskini mmoja mlevi, anacheka na kufanya mchezo. Augustino akawageukia rafiki zake akiugua: maskini yule alikwisha kupata furaha yake kwa senti chache za kuomba, na wao bado walikuwa wanahangaika. Ndivyo alivyoipima kazi yake ya heshima.

Alibatizwa na Mtakatifu Ambrosio katika Paska ya mwaka 387, akarudi Afrika mwaka uliofuata, akapewa upadri mwaka 391, na baada ya miaka michache akawa askofu wa Hippo. Maungamo aliyaanza karibu na mwaka 397, wakati alipokuwa askofu tayari. Wengine wangalimwambia: Baba Askofu, wewe una maadui, nyamaza. Na maadui alikuwa nao kweli. Wadonatisti walikuwa na maaskofu wao na makanisa yao katika miji ile ile, na Petilianus, askofu wao wa Cirta, alimshambulia kwa ajili ya maisha yake ya zamani na kwa kuwa alikuwa kati ya Wamanikeo miaka mingi. Augustino hakujitetea juu ya ubaya wake wa kale. Alijibu kwamba yeye mwenyewe anauhukumu kuliko wao, na kwamba imani ya Kanisa haisimami juu ya sifa ya Augustino.

Kwa maoni yetu, ujasiri wake mkubwa hauko katika vitabu tisa vya kwanza. Dhambi iliyosamehewa zamani ni rahisi kuisimulia. Pengine hata inaleta sifa, kama kovu la askari. Uko katika kitabu cha kumi, kwa maana mule anasema namna alivyo leo, yeye askofu: ndoto zake, chakula, utamu wa nyimbo kanisani. Kiisha anafika kwenye sifa ya watu, na hapo anasumbuka kweli. Mali, asema, naweza kuiacha nipime kama moyo wangu umefungwa nayo. Lakini sifa nitaipima namna gani? Je, niishi vibaya kusudi watu wote wanichukie? Huo ni wazimu. Tena anaona mtego mwingine: mtu anayedharau majivuno aweza kujivuna kwa sababu ya kuyadharau. Hapati dawa ya haraka. Anakiri kwamba katika jambo hili hajijui vema, anamwomba Mungu amwonyeshe.

Makatekista wasikosee hapa. Kitabu hiki si kanuni ya kuwalazimisha watu kutaja dhambi zao mbele ya mkutano. Wakati ule kitubio cha dhambi kubwa kilifanywa mbele ya Kanisa, na mara moja tu maishani. Lakini mwaka 459 Papa Leo Mkuu alikataza kwa ukali desturi ya kusoma hadharani orodha ya dhambi za wanaotubu. Inatosha, aliagiza, kumwungamia padri kwa siri. Aibu ya mtu si mali ya umati.

Mwaka 429 mkubwa mmoja wa serikali, jina lake Darius, alimwandikia Augustino barua yenye sifa nyingi na kumwomba kitabu cha Maungamo. Augustino alikiri kwamba barua ile ilimfurahisha. Hakujifanya mtu asiyejali. Akampelekea kitabu, akamwagiza amtazame humo ili asimsifu kupita kadiri, na akiisha kumwona, amwombee.

Mwaka uliofuata Wavandali waliuzingira mji wa Hippo, na katika mwezi wa tatu wa vita Augustino akashikwa na homa. Rafiki yake Possidius, askofu wa Calama, alikuwapo, akaandika habari zake. Augustino alikuwa amezoea kusema kwamba hata Wakristu na mapadri wanaosifiwa wasitoke katika mwili bila kufanya kitubio. Aliagiza zaburi za toba ziandikwe na kubandikwa ukutani, akazisoma kitandani akilia sana. Siku kumi hivi kabla ya kufa alikataza mtu ye yote asiingie chumbani, isipokuwa waganga wanapokuja na chakula kinapoletwa. Alikufa tarehe 28 Agosti 430, mwenye miaka 75. Hakuandika urithi, kwa sababu hakuwa na kitu. Aliagiza tu vitabu vya kanisa vitunzwe vema.