Asali ya West Nile: kampuni hukua vipi?

Kampuni ya asali hukuzwa kwanza na mali ghafi isiyokatika, matangazo hufuata. Bee Natural Uganda iliweka kiwanda chake Arua, karibu na wafugaji wadogo wa nyuki wanaoiuzia asali.

Kwa mfugaji wa Lobule, wilayani Koboko, awe mwenyeji au mkimbizi kutoka Kongo, swali ni je, ndoo yake itapokelewa? Kipimo kikuu ni unyevu: ukizidi asilimia 20, asali huchacha. Kwa hiyo masega ambayo nyuki hawajayafunika kwa nta huachwa mzingani, na moshi hutumiwa kwa kiasi.

Uganda iliruhusiwa kuuza asali katika Umoja wa Ulaya mwaka 2005, lakini ruhusa haijazi mapipa. Mnunuzi anayechelewesha malipo huikuta asali imekwisha kuuzwa kando ya barabara.