Raha ya Epicurus

Wasomaji wengi wa Kiswahili hukutana na Epicurus kupitia wafuasi wake, wale waliojadiliana na Paulo kule Athens katika Matendo ya Mitume, sura ya 17. Baadaye husikia kwamba mwanafalsafa huyo alifundisha watu kuishi kwa anasa. Hapo ndipo anapodhulumiwa.

Neno lake la Kigiriki ni hedone, na wengi hulifasiri anasa. Anasa kwetu inanuka mvinyo na ngoma za kukesha. Mhubiri akizitaja anasa za dunia, hakuna asiyejua anakemea nini. Epicurus, aliyezaliwa Samos mwaka 341 KK na kufariki Athens mwaka 270 KK, alitosheka na mkate na maji. Katika barua moja alimwomba rafiki yake ampelekee jibini kidogo, ili siku akipenda afanye karamu. Karamu ya jibini!

Alitofautisha hedone ya mwendo na hedone ya kutulia. Kula ukiwa na njaa ni ile ya kwanza. Shibe ni ya pili, nayo ndiyo aliyoithamini zaidi. Hali hiyo Kiswahili kinaiita raha. Mgonjwa akishaachwa na homa hujinyoosha kitandani akasema, "Sasa nina raha," na wala hajaonja kitu kitamu. Deni likilipwa, vivyo hivyo.

Neno lake lingine, ataraxia, ni gumu zaidi kulifasiri. Limejengwa kwa kitenzi cha kuvuruga, kutibua, na kiambishi cha kukanusha mbele yake. Wengi huandika utulivu, na si kosa, ila mtu aweza kutulia kitini huku moyo unamchemka. Kwa Epicurus, kinachoitibua nafsi ni hofu ya miungu, hofu ya mauti, na tamaa zisizo na kikomo. Katika shule yake, iliyoitwa Bustani, wanawake na watumwa nao walijifunza kuziondoa. Akimwandikia Menoeceus, alisema kwamba hofu na maumivu yakituondoka, dhoruba yote ya nafsi hukoma. Hiyo ni lugha ya baharini, na dhoruba ikikoma, mabaharia wetu husema bahari shwari. Neno hilo limeshapanda nchi kavu zamani: ukiuliza hali, unajibiwa shwari.

Kwa hiyo nawaomba wafasiri na walimu: hedone ya Epicurus iandikwe raha, na ataraxia iandikwe shwari ya nafsi. Anasa waachiwe wafuasi wa Aristippus wa Cyrene, waliotafuta utamu wa papo kwa papo.