Hiyo Si Ngege

Wacha niseme tu. Yule samaki unakula Kangemi Jumamosi jioni, amekaangwa akakauka vizuri, ugali upande huu na sukuma upande ule, na mwenye kibanda amekuambia ni ngege? Si ngege. Ukishuka tao uingie City Market pale Muindi Mbingu uitishe ngege, utapewa samaki msafi kabisa, lakini pia huyo si ngege. Kama umezaliwa Nairobi baada ya 2000, uwezekano mkubwa ni kwamba hujawahi kula ngege maisha yako yote.

Kabla mtu aende kugombana na mama samaki, tulia. Yeye anatumia jina ambalo sisi wote tunatumia. Kilichofanyika ni kwamba samaki mwenyewe alienda, jina likabaki, na tukalivisha samaki mwingine. Hadithi ya vile hiyo ilitokea ina karibu miaka 120, na imejaa watu wa kuhesabu magamba.

Ziwa Victoria lilikuwa na tilapia wawili wa kwake, waliozaliwa humo na hawakuwa sehemu nyingine isipokuwa maji yanayopakana nalo. Wajaluo waliwaita ngege na mbiru. Hawakuwa wanaitana hivyo kwa mapambo. Mbiru ana ukingo wa rangi ya machungwa kuelekea nyekundu kwenye pezi la mgongoni, na dume akiwa tayari kuzaa huota kitu kama shada la nyuzi chini ya tumbo. Ngege hana huo ukingo. Ana kichwa kidogo na taya ndogo, maana chakula chake ni vimea vya kijani vinavyoelea majini, vidogo hata huwezi kuviona kwa macho. Tena ngege alipenda ghuba zilizotulia, zenye matope chini, kama Ghuba ya Winam. Mvuvi ambaye hakujua hiyo tofauti alirudi nyumbani mikono mitupu, kwa hivyo walijua.

Reli ilifika Kisumu 1901. Kufikia 1905 zikaja nyavu za kigeni, zile za kutegwa wima majini usiku zikamnasa samaki kichwani. Hapo sasa samaki akawa biashara. Kuna soko, kuna treni, kuna mji unakua huku juu unaitwa Nairobi na watu wake wanataka kula.

Mwaka wa 1906, London, bwana mmoja wa Makumbusho ya Uingereza anaitwa George Albert Boulenger alimpa mbiru jina la kisayansi: Tilapia variabilis. Huyu Boulenger alikuwa mashine. Katika maisha yake alitaja spishi zaidi ya 1,000 za samaki, wengi wao wakimfikia mezani wakiwa ndani ya chupa za pombe, wamepoteza rangi. Lakini angalia: mbiru amepata jina, ngege bado. Samaki ambaye ndiye aliyekuwa anajaza nyavu, anajaza treni, anajaza sahani, kwenye vitabu vya sayansi hakuwepo. Ilikuwa hivyo kwa miaka 22.

Kilichobadilisha mambo ni pesa. Kufikia miaka ya 1920 wavu mmoja ulikuwa unaleta samaki wachache sana kuliko zamani, na serikali ya kikoloni ikaingiwa na wasiwasi. Wakamleta mtaalamu wa uvuvi kutoka Uingereza, Michael Graham, afanye uchunguzi wa ziwa lote. Alifanya kazi hiyo 1927 hadi 1928, akisaidiwa na kijana anaitwa Worthington. Na swali lake la kwanza lilikuwa rahisi: hawa samaki wanaopungua ni akina nani hasa? Huwezi kulinda kitu ambacho hujui kinaanzia wapi na kuishia wapi.

Sasa, kumtambulisha samaki mpya kunafanywa vipi? Wengi wetu tunafikiria ni mtu anapiga mbizi, anaona kitu kinang'aa, anapiga kelele. Hapana. Ni kazi ya kuchosha ajabu. Unahesabu magamba kwenye mstari wa ubavuni. Unahesabu miiba ya pezi la mgongo. Unafungua mashavu unahesabu vijino vilivyo kwenye matamvua, vile vya kuchuja chakula. Unapima kichwa ukilinganisha na mwili, jicho ukilinganisha na kichwa. Halafu unarudia kwa samaki wengine wengi, kwa sababu mmoja anaweza kuwa tu ni mtoto au ni mgonjwa. Kisha unaandika ni nini kinamtenga na jirani yake wa karibu. Hiyo ndiyo roho ya kazi yenyewe: kusema samaki ni mzuri au ana madoa haitoshi, lazima useme kwa nini huyu si yule. Mwisho unaweka vielelezo mahali salama, ili mtu yeyote baada yako aje ahakikishe kama ulikuwa unasema ukweli, na unachapisha.

Graham alichapisha 1928. Akamwita Tilapia esculenta. Hilo neno la pili ni la Kilatini na maana yake ni "anayelika." Manze. Samaki amelisha watu karne na karne, halafu cheti chake cha kuzaliwa kinasema: anaweza kuliwa. Vielelezo vikaenda London, na huko viko hadi leo.

Hapa ndipo kwenye komenti watu huanza: "Mzungu hawezi kugundua kitu ambacho nyanya yangu alikuwa anapika." Niko nanyi, na zaidi kidogo. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo nikisikia kwamba ujuzi hauhesabiki hadi uwe na muhuri, damu inachemka. Mvuvi wa Winam alikuwa ameshafanya ile sehemu ngumu, ya kutenganisha. Aliona samaki wawili mahali ambapo London iliona mmoja tu wa kuandikwa. Na Graham mwenyewe alilijua hilo, maana ripoti yake ya 1929 kuhusu uvuvi wa ziwa inamwita samaki kwa jina lake: ngege. Hakulitoa jina hilo London. Alilipata ufuoni.

Lakini siwezi kuishia hapo, kwa sababu hiyo hoja ina shimo, na shimo lenyewe liko kwenye sahani yako pale Kangemi.

Miaka ya 1950 wakoloni walianza kumwaga tilapia wengine ziwani. Mmoja wao ni yule wa Mto Nile, ambaye Wajaluo walimpa jina tofauti kabisa: nyamami. Watanzania humwita sato. Yeye hukua haraka, anakula karibu kila kitu, na anazaana na ndugu zake bila aibu. Wakati huohuo akaletwa mbuta, ambaye ng'ambo ya mpaka wanamwita sangara. Na cha kuumiza ni kwamba yule Graham, kwenye ile ripoti ya 1929, alikuwa amelifikiria wazo la kuleta samaki mkubwa anayewinda, akaonya kwamba ni hatari kubwa bila utafiti wa kutosha kwanza. Walimleta tu. Kufikia miaka ya 1980 mbuta alikuwa amelipuka ziwa zima.

Ngege akabanwa pande zote. Nyavu zenye matundu madogo huku (Graham alikuwa amependekeza tundu lisipungue inchi 5, ili ngege apate kuzaa kabla hajanaswa), mbuta kule, na nyamami akichukua ghuba zake moja baada ya nyingine. Kwenye ziwa kubwa alipotea. Leo yuko kwenye orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kabisa kuangamia.

Na jina? Jina halikufa naye. Huku Nairobi, ambapo hatuoni ziwa, hatuoni rangi ya pezi, tunaona tu kitu cha kahawia kimetoka kwenye karai, neno "ngege" lilihama taratibu likamkalia nyamami. Hakuna aliyelihamisha. Ni vile lugha hufanya kazi. Lakini neno likihama hivyo, msiba unakosa mahali pa kukaa. Utamwambiaje mtu wa Kawangware kwamba ngege ameisha, na jioni hii amewaona hamsini wamepangwa mezani?

Esculentus haliwezi kuhama hivyo. Limefungwa kwa wale samaki wa Graham walioko ndani ya chupa. Hata wanasayansi wenyewe wakibadilisha mawazo, wanabadilisha sehemu ya kwanza tu. Ndicho kilichotokea. Mama mmoja pale makumbusho ya London, Ethelwynn Trewavas, alitumia miaka mingi kuchambua hawa samaki, na kitabu chake kikubwa cha 1983 kiliwapanga upya kwa kuangalia, pamoja na mambo mengine, malezi: wanaotaga mayai chini na kuyalinda hapo wabaki Tilapia, na wale ambao mama hubeba mayai mdomoni waende Oreochromis. Ngege ni wa mama kubeba mdomoni. Ndiyo maana leo anaandikwa Oreochromis esculentus (Graham, 1928), na yale mabano si urembo. Mabano yanakuambia kwamba Graham alimweka nyumba nyingine na baadaye akahamishwa. Na nyamami naye pia ni Oreochromis. Kwa hivyo "tilapia" kwenye menyu ya mkahawa wa Westlands, kisayansi, si tilapia. Hilo mtajua mtakalofanya nalo.

Msifikirie hii ni ya samaki wakubwa peke yao. Ziwa lilikuwa pia na fulu, wale wadogo wenye rangi, spishi mamia. Timu ya Waholanzi ilikuwa upande wa Mwanza tangu miaka ya 1970 ikijaribu kuwapanga, na mbuta akawafikia kwanza. Inakadiriwa spishi kama 200 zilipotea, nyingi kabla hazijapewa jina lolote. Mmoja aliyewahi kupewa, 1985, aliitwa nyererei, kwa heshima ya Mwalimu. Baadaye, 1998, akawekwa kwenye jenasi mpya iliyoitwa Pundamilia. Ndiyo, punda milia wetu, kwa sababu ya mistari yake, kwa Kiswahili, kwenye vitabu vya sayansi vya dunia nzima. Ndugu yake wa karibu anaitwa Pundamilia pundamilia, ambayo inasikika kama mtu amekwama.

Hawa wawili wamenifundisha kitu kuliko wote. Dume la nyererei lina wekundu, la pundamilia lina rangi ya buluu. Majike huchagua kwa macho, na hicho ndicho kinawafanya wabaki spishi mbili. Mwaka wa 1997 Ole Seehausen na wenzake walichapisha matokeo yao: kwenye mwanga wa kawaida jike alimchagua wa kabila lake, kwenye mwanga ambao unafanya rangi zote zifanane, alishindwa kuwatofautisha. Na ziwani kwenyewe, mahali maji yamechafuka kwa udongo na uchafu wa nchi kavu, rangi zinafifia na spishi zinaanza kuchanganyikana. Hakuna aliyeliwa na hakuna aliyevuliwa. Maji yalikuwa machafu, tofauti haikuonekana, spishi ikayeyuka.

Nairobi sisi ndio yale maji machafu. Kwetu kila tilapia ni ngege, wa ziwani, wa kidimbwi, na yule wa boksi kutoka China, mradi bei iko sawa.

Kuna njia ya kuangalia, na haihitaji digrii. Ukifika Gikomba au City Market, usiangalie kichwa, angalia mkia. Nyamami ana mistari myeusi iliyosimama wima, imepangwa vizuri kama ya sweta, kutoka shina la mkia hadi mwisho. Ngege hana. Ukitafuta samaki asiye na hiyo mistari na asiye na ukingo wa machungwa mgongoni, utatafuta sana.

Ila pale Siaya, kwenye kinamasi cha Yala, kuna ziwa dogo linaitwa Kanyaboli, kama kilomita mraba 10 hivi. Mafunjo yalilikinga na lile ziwa kubwa, mbuta hakuingia, na humo ngege bado anaishi, pamoja na mbiru. Wenyeji huwavua na kuwala, vile jina la Kilatini linavyoruhusu. Nyamami naye ameshafika, na vipimo vya vinasaba vimeonyesha dalili kwamba damu yake imeanza kuingia kwa ngege wa huko. Kwa sasa bado kuna ngege wenye mkia mtupu, na mtu wa kule akikuuzia ngege, amekuuzia ngege.